Hitilafu ni Tofauti: Uchunguzi wa Kasoro za Umeme katika Vitasa vya Milango ya Gari

Utangulizi

Neno hitilafu lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ni kutofautiana. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo. Watu wawili wasioafikiana husemwa kuwa wamehitilafiana. Neno hilo hilo lilipanuka kimaana likabeba pia dhana ya kasoro katika mtambo, na hii ndiyo maana inayotawala leo, hususan katika taarifa za habari zinazotaja moto uliosababishwa na hitilafu ya umeme. Yamkini msomaji huziona maana hizo mbili kuwa zimeachana kabisa. Makala haya yanashikilia kwamba hazijaachana. Anayetafuta hitilafu katika mtambo wa umeme huwa, kwa hakika, anatafuta tofauti: hulinganisha kinachofanya kazi na kilichokataa, kisha huuliza ni wapi hasa viwili hivyo vinapopishana. Fundi anayeuruka ulinganishi huo na kukimbilia kubadilisha vipuri hachunguzi. Anabahatisha kwa pesa za mwenye gari.

Mfano utakaotumiwa kulidhihirisha dai hili ni vitasa vya umeme vya milango ya gari. Saluni ya kawaida ina milango minne, na vitasa vyake vyote hupata amri kutoka mahali pamoja. Mlango mmoja unapougua, mitatu iliyosalia husimama kando yake kama mashahidi. Isitoshe, kasoro yenyewe si ya mzaha. Mlango usiojifunga humwachia mwizi gari wazi, mwenyewe akiwa ameondoka kwa imani kwamba amelifunga. Mtoto aliyefungiwa ndani ya gari lililoegeshwa juani naye yumo hatarini baada ya dakika chache tu.

Apitaye Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, atawasikia mafundi wakiyajadili mambo haya kutwa nzima. Husema kwamba waya hauna moto, fyuzi imekufa, au nyaya zimepiga shoti. Mkenya husema stima pale ambapo kamusi inapendelea umeme, na neno hilo limebeba ndani yake kumbukumbu ya enzi ya mitambo ya mvuke, ambayo wengi wa wanaolitumia hawakuiona. Wanaolalamika katika semina kwamba Kiswahili hakiwezi kuieleza teknolojia wangefaa kupelekwa huko kwa juma moja.

Muundo wa Kitasa cha Umeme

Kufuli huning'inia, komeo husukumwa, ilhali kitasa hujengwa ndani ya mlango wenyewe. Katika gari, kitasa kina ndoana ya chuma inayoking'ang'ania kipande kingine cha chuma kilichokazwa kwenye nguzo ya mlango. Mtu anapofunga gari, ndoana hiyo haiguswi. Kinachofanyika ni kwamba mkono wa kufungulia huachanishwa na ndoana, hata ukivutwa usiwe na la kuvuta. Kazi hii ya kuachanisha na kuunganisha huweza kutendwa na kidole kikisukuma kitufe kilicho upande wa ndani wa mlango. Mota ya umeme haifanyi lolote zaidi ya kukipumzisha kidole hicho.

Starehe hii ilianza katika magari ya kifahari. Kampuni ya Packard ya Marekani iliyatia magari yake vitasa vya umeme mnamo mwaka wa 1956, na gari la Renault Fuego la Ufaransa likafungua njia ya kufunga milango kwa rimoti mwaka wa 1982. Katikati ya vipindi hivyo, Mercedes-Benz nyingi zilitumia mvutano wa hewa badala ya mota. Mwenye mojawapo ya magari hayo ya zamani asihangaike na mita ya umeme kabla ya kutafuta mpira uliopasuka unaovujisha hewa. Hapa Kenya, vitasa vya umeme vilienea kwa watu wa kawaida magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuingia kwa wingi katika miaka ya tisini.

Mota ya kitasa ina nyaya mbili tu za kuiendesha. Umeme ukiingia kwa waya wa kwanza na kutokea kwa wa pili, mota huzunguka upande wa kufunga. Ukigeuzwa mwelekeo, huzunguka upande wa kufungua. Kinachogeuza mwelekeo huo ni jozi ya rilei, ambazo huwa zimesimama peke yake au zimefichwa ndani ya kisanduku cha udhibiti. Wakati wa utulivu, nyaya zote mbili hushikizwa kwenye bodi ya gari, yaani upande hasi wa betri. Amri inapotoka, rilei moja huuachanisha waya wake na bodi na kuupa volti 12, huku waya wa pili ukibaki kuwa njia ya kurudi. Umeme huo hudumu kwa muda mfupi mno, takriban sekunde moja au pungufu. Jambo hili dogo ndilo huwapotosha wanagenzi: mita ikiwekwa kwenye nyaya bila mtu wa kubonyeza swichi kwa wakati huo huo, itasoma sifuri hata kama hakuna kilichoharibika.

Mlango wa dereva aghalabu una jukumu la ziada. Ndani ya kitasa chake mna swichi inayokipasha kisanduku habari kwamba dereva amefunga au amefungua, nacho kisanduku hupeleka amri kwa milango mingine. Kwa hivyo mlango wa dereva husema na kusikia, ilhali mitatu mingine husikia tu. Anayeichunguza milango hii bila kuizingatia tofauti hiyo atazunguka gari siku nzima.

Maswali Kabla ya Bisibisi

Uchunguzi huanzia mdomoni. Fundi mzuri humwuliza mteja wake, "Mama, ni mlango mmoja uliokataa au ni yote? Unakataa kufunga, kufungua, au vyote viwili? Ulianza ghafla, au ulikuwa ukikubali siku moja na kukataa ya pili?" Kila jibu huondoa nusu ya uwezekano. Mteja anayejibu tu kwamba loki zimeharibika hajasema kitu bado, na fundi anayeridhika na jibu hilo atafungua milango minne pale ambapo mmoja ungetosha.

Tuseme yote minne imekataa. Ni vigumu kuamini kwamba mota nne zilikufa usiku mmoja, na kwa hivyo macho yaelekezwe kwenye vitu ambavyo milango yote inavishiriki, yaani betri, fyuzi, kisanduku cha udhibiti na swichi ya dereva. Lakini ikiwa mlango mmoja umekataa na mitatu inaitika, basi vitu hivyo vya pamoja vimejitetea vyenyewe katika magari mengi. Umeme unafika kwa wengine kutoka chemchemi ile ile, na kasoro imo baina ya mahali nyaya zinapotawanyika na mota ya mlango husika. Magari yanayofungua mlango wa dereva peke yake kwanza, kisha mingine kwa mbonyezo wa pili, hayafuati kanuni hii moja kwa moja, kwa kuwa mlango huo una njia yake ya pekee.

Swali la kufunga na kufungua ndilo lenye utamu zaidi. Maadamu nyaya zile mbili hutumika katika pande zote mbili, waya uliokatika huua kufunga na kufungua kwa pamoja. Ikiwa mlango mmoja unafunga kwa umeme lakini haufungui, ni dhahiri kwamba nyaya zake hazijakatika na mota yake ingali hai. Hapo ashukiwe ugumu wa chuma: fito zilizopinda, grisi iliyokauka ikawa kama gundi, au meno ya plastiki yaliyolika upande mmoja. Ikiwa milango yote inafunga na yote haifungui, mshukiwa ni rilei ya upande huo au swichi inayoiamrisha. Hitimisho zote hizi zimefikiwa hata bisibisi haijatolewa mfukoni.

Kuna jaribio jingine lisilogharimu kitu. Kitufe cha mlango kisukumwe na kuvutwa kwa kidole. Kikiwa kigumu kwa kidole, kitakuwa kigumu kwa mota, na mota mpya itachoka kama ya zamani. Aidha, mota nyingi huwa na kinga ndani yake ambayo hukata umeme joto likizidi. Mtu anayebonyeza mara ishirini mfululizo akijaribu kuona kasoro anaweza kuizalisha kasoro mpya yeye mwenyewe, kisha ikatoweka baada ya dakika chache mota ikipoa.

Rimoti nayo isisahaulike. Ikiwa swichi ya mlangoni inafanya kazi na rimoti haifanyi, milango haina lawama. Betri ndogo ya rimoti, ambayo aghalabu ni ya volti 3, ibadilishwe kwanza. Wapo pia wezi wanaotumia vifaa vya kuyaziba mawimbi ya rimoti katika maegesho, na dawa yake ni kuuvuta mkono wa mlango kabla ya kuondoka. Huko si kuharibika kwa gari.

Mahali pa Bawaba

Chukua mfano wa saluni ndogo ambayo mlango wake wa dereva hufunga asubuhi na kukataa jioni. Milango mitatu haina neno. Mwenye gari amekwisha kuuziwa mota mbili, na zote zilifanya kazi kwa siku chache kisha zikakataa. Fundi wa tatu hagusi mota. Anaufungua mlango nusu, anamwomba mwenzake aendelee kubonyeza swichi, naye anaushika ule mpira wenye mikunjo ulio baina ya mlango na bodi, karibu na bawaba, na kuupindapinda taratibu. Mota inanguruma mara moja, kisha kimya. Anaupinda tena, inanguruma tena.

Ndani ya mpira ule hupita nyaya zote za mlango: za kitasa, za dirisha, za kioo cha pembeni na za spika. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, nyaya hizo hukunjwa na kukunjuliwa mahali pale pale. Mlango wa dereva ndio unaofunguliwa mara nyingi kuliko yote, na si ajabu kwamba ndio hukatika nyaya kwanza. Waya wa gari umefumwa kwa nyuzi nyembamba za shaba ndani ya ganda la plastiki. Nyuzi hizo hukatika mmoja baada ya mwingine, ilhali ganda huendelea kuonekana zima. Mtu akiutazama waya kwa nje hataona chochote. Auvute kidogo kwa vidole: waya mzima hukaza, uliokatika hurefuka kama mpira.

Hili laeleza kwa nini mota mpya zilionekana kuponya. Katika kufungua na kufunga mlango wakati wa kuziweka, ncha zilizokatika ziligusana tena, na kila mtu akaamini kwamba mota ya zamani ndiyo iliyokuwa mbovu. Laiti mota ile ya kwanza ingeunganishwa kwenye betri kwa nyaya mbili kabla ya kutupwa! Ingezunguka, na swali sahihi lingeulizwa siku hiyo hiyo.

Mombasa na miji mingine ya pwani ina nyongeza yake. Hewa yenye chumvi hupenya kwenye viungio na kuigeuza shaba kuwa unga wa kijani. Waya haujakatika, lakini kiungio hakipitishi umeme kama inavyopasa.

Mita Isemapo Kweli Isiyotosha

Hapa ndipo wengi hujikwaa, hata waliosomea kazi hii. Fundi huchomoa mota, huweka ncha za mita kwenye nyaya mbili, mwenzake hubonyeza swichi, na mita husoma volti 12. Anatangaza kwamba umeme unafika na kwa hivyo mota imekufa. Anaweka mpya. Haizunguki.

Mita haikudanganya. Ilijibu swali iliyoulizwa, ambalo halikuwa swali lililohitajika. Mita ya kisasa ina ukinzani mkubwa mno, kwa kawaida omu milioni 10, na kwa hivyo haihitaji umeme wowote wa maana ili isome. Hata uzi mmoja wa shaba uliosalia, au kiungio kilichooza nusu, huweza kuilisha. Mota haiko hivyo. Tuchukue mota ambayo, kabla haijaanza kuzunguka, ina ukinzani wa omu 3. Kwenye volti 12 itahitaji ampea 4. Sasa tuseme kiungio kilichoshika kutu kimeongeza omu nyingine 3 njiani. Jumla ni omu 6, umeme unaopita umeshuka hadi ampea 2, na volti zimegawanywa sawasawa: 6 zinapotelea kwenye kutu na 6 pekee ndizo zinazoifikia mota. Mota inatetemeka au inanyamaza. Mita ikiwekwa peke yake mahali hapo hapo, zile omu 3 si kitu mbele ya omu milioni 10, nayo itasoma volti 12 kamili.

Kwa sababu hiyo kipimo kifanywe mota ikiwa imeunganishwa, ncha za mita zikipenyezwa kwa nyuma ya kiungio. Swichi inapobonyezwa, volti zikishuka sana kwenye mota ilhali zimesimama imara kwenye kisanduku cha fyuzi, mwizi wa umeme yumo kati ya sehemu hizo mbili. Ncha moja ihamishwe hatua kwa hatua kuelekea chanzo hadi mahali ambapo usomaji unaruka. Njia ya kurudi nayo ipimwe vivyo hivyo. Mafundi wengi huufuata umeme unapokwenda na kuusahau unaporudi, ilhali safari ni moja. Fundi asiye na mita nzuri hutumia taa ya kupimia, na mara nyingi taa hiyo humfaa kuliko mita, kwa kuwa hunywa umeme kama mota inavyofanya: huwaka kwa nguvu, hufifia, au hukataa. Taa hiyo iishie kwenye nyaya za mota. Ikichomekwa kwenye nyaya nyembamba zinazopeleka ishara katika kisanduku cha udhibiti, yaweza kukiunguza.

Fyuzi Inayokufa Kila Mara

Fyuzi iliyokatika si ugonjwa, ni dalili. Ikibadilishwa na kudumu mwaka mzima, huenda ilikuwa imechoka. Ikikatika tena papo hapo, kuna waya uliochubuka unaogusa bati. Kuweka fyuzi ya ampea 30 mahali palipoandikwa 20, au kuikunjia karatasi ya pakiti ya sigara, ni kuuhamisha udhaifu kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye waya wenyewe, na waya ukiungua huungua ndani ya gari.

Ulinganishi unafaa hapa pia. Viungio vya milango vichomolewe vyote, fyuzi mpya iwekwe, kisha mlango mmoja mmoja urudishwe huku swichi ikibonyezwa. Mlango utakaoiua fyuzi ndio wenye shoti. Ikiwa fyuzi inakufa hata milango yote ikiwa nje, basi tatizo liko chini ya dashibodi, na katika magari ya humu nchini jicho lielekezwe upesi kwenye alamu iliyowekwa baada ya gari kununuliwa. Wawekaji wengi huchubua waya wa kiwandani, huusokota na wao kwa mkono, huuviringishia utepe na kuuacha ukining'inia. Joto la miaka miwili huilainisha gundi ya utepe, nao hufunguka. Pengine milango hujifunga na kujifungua yenyewe barabarani, na abiria huanza kunong'ona habari za majini. Milango inayojifunga kisha ikajifungua papo hapo ina maelezo mepesi zaidi: mota ya dereva imedhoofika, haiifikishi swichi ya kitasa mwisho wa safari yake, nayo swichi inaendelea kukiambia kisanduku kwamba dereva amefungua.

Kuurejesha Mlango

Waya uliokatika kwenye bawaba usiungwe pale pale ulipokatika, kwa kuwa kiungo kigumu hakipindi na utakatika tena kando yake. Betri ichomolewe, waya ukatwe pande zote mbili hadi kwenye shaba inayong'aa, na kipande kipya chenye unene sawa kiingizwe, viungo vyake vikae ndani ya mlango na ndani ya nguzo, nje ya mpira. Viungo vitiwe risasi na kufunikwa vizuri. Nyaya jirani zikaguliwe pia, maana zimekunjwa mara zile zile. Nyaya zilizofungwa kwa utepe wa manjano zisiguswe na asiyezijua. Magari mengi yenye mifuko ya hewa hutumia rangi hiyo kuonya.

Mlango ujaribiwe ukiwa wazi, ukiwa nusu na ukiwa umefungwa, kabla ya ubao wa ndani kurudishwa. Mwisho kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya ubao huo. Mafundi wengi huirarua ili wafikie kitasa, kisha huitupa, wakidhani iliwekwa na kiwanda ili kuzuia vumbi. Maji ya mvua huteremka ndani ya mlango kila siku ya mvua kupitia ukingo wa kioo, na kutokea kwenye matundu yaliyo chini. Nailoni ile ndiyo huyazuia yasirukie upande wa ndani, kwenye viungio na swichi. Irudishwe ilivyokuwa, au ikatwe nyingine na kubandikwa ukingoni pote, na matundu ya chini yazibuliwe kwa kijiti.